Redio Arobaini Juu ya Chanja

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu, Dunda, hapa Bagamoyo, nakunywa chai ya tangawizi, mara redio ikaanza kusema nyumba ya pili. Nikajua pale pale kwamba si yangu. Redio ninazoziunda mimi zina sauti nzito kidogo, kama mtu aliyeamshwa. Hii ilisema safi, kila neno limeoshwa likaanikwa. Nikampigia kelele jirani yangu, Mama Yusuf.

"Hiyo redio umeitoa wapi?"

"Kwa Naila," akajibu, wala hakuona haya. "Imeingia jana. Ile yako ilikuwa imeshachoka, Bi Zuhura. Usikasirike lakini."

"Nikasirikie nini? Redio ni redio."

Chai ikanishinda. Nikaimwaga kwenye mchicha.

Naila ni mwali wangu. Mimi ndiye somo wake: nilimfunda alipovunja ungo, nikamfunda tena alipoolewa na Yunus, na mpaka leo akinikuta njiani huinama akanishika mkono hata kama ana ndoo kichwani. Tena si hayo tu. Nilipotoka kwenye mafunzo ya akina mama ya kuunda vitu vya sola, nikafungua karakana ukumbini kwangu, yeye ndiye wa kwanza kukaa mezani pamoja nami. Mimi ndiye niliyemfundisha kuyeyusha risasi ya kuungia waya, kutega sikio kwenye spika ajue kama ina mkwaruzo. Alikaa miaka sita. Kisha akaja na doti ya kanga mpya na halua, akaniomba radhi aende akajaribu lake kule Nianjema. Radhi nikampa. Mdomoni nilimpa, moyoni nikaibania.

Wanawake wanne ninaofanya nao kazi wamezoea vitendawili vyangu. Tukiinamia bodi za redio na moshi wa risasi unatuingia machoni, mimi hutega, wao hutegua, na kazi inakwenda. Siku ile nikawatega hivi:

"Namlisha mimi, nalala naye mimi, na anayekonda ni mimi."

"Mume!" akasema Samia, mdogo wao, mwenye ulimi kama wembe.

"Minyoo," akasema Mardhiya.

Wakacheka. Mimi sikucheka. Jibu lilikuwa wivu, na nadhani walilijua, maana waliinama wote kwa pamoja kama watu waliosikia jina la marehemu.

Sasa katika hali hiyo ndipo alipokuja Bi Esha wa Mlingotini, mwenyekiti wa akina mama wa mwani. Alikuja na miguu yake yenye chumvi, akakataa kiti, akakaa kwenye mkeka.

"Bi Zuhura, nataka redio mia nne," akasema.

Bisibisi ya Mardhiya ilianguka. Mimi mwenyewe nilishika meza.

"Mia nne za nani?"

"Za vikundi vyote vya mwani, kuanzia kwetu mpaka Pangani. Tumechoka kuambiwa bei na mnunuzi mwenyewe. Tunataka tuisikie kabla hajafika. Halafu Ramadhani hii tunataka tusikie adhana hata kama tuko chanjani tunaanika mwani na upepo unavuma. Redio ya sola, yenye betri inayokaa kutwa nzima bila jua. Kutwa nzima, shoga yangu, si mpaka adhuhuri."

"Umefika penyewe."

"Nimefika na kwa Naila pia," akasema. "Sitaki maneno baadaye. Kila mmoja aniletee arobaini, Jumamosi ya wiki ya nne kutoka leo. Nitazipanga chanjani, nitaziwasha asubuhi. Zitakazokuwa bado zinasema alasiri, mwenye nazo ndiye tutakayeshikana naye, mwaka huu na mwaka kesho."

Nikawatazama wanawake wangu. Tangu Naila aondoke kazi ilikuwa imepungua, wiki nyingine tulikuwa tunaunda tatu tu. Oda ile ingetufufua. Tukiikosa, meza ningeikunja, na hawa wanne wangerudi kukaanga maandazi barabarani. Nao walijua. Lakini nisiwafiche: nilichokiona mbele yangu wakati ule halikuwa tumbo la Samia wala la Mardhiya. Nilimwona Naila akiingia Mlingotini akipigiwa vigelegele.

Nilikuwa tayari na makasha mia mbili ya mbao ya mnazi. Ibrahimu seremala alinichongea, kila moja na ua dogo mbele kama la mlango wa kale, na kila moja limetobolewa kwa kipimo cha bodi yangu ile ile ya miaka yote. Spika nilikuwa nazo. Nilichongojea ni bodi na betri kutoka China, kupitia kwa Abdullatif wa Kariakoo, kijana mwenye heshima sana na habari mbaya nyingi.

Akanipigia simu Jumanne.

"Bi Zuhura, shikamoo. Mzigo umefika."

"Marahaba. Alhamdulillahi!"

"Umefika nusu."

"Nusu ipi hiyo?"

"Bodi zimefika. Betri zimepanda meli nyingine. Wanasema betri hazisafirishwi na mizigo mingine, zinaweza kushika moto."

"Na hiyo meli nyingine inafika lini?"

"Inshallah."

"Abdullatif mwanangu, inshallah naijua. Nataka siku."

"Imezunguka njia ndefu, mama. Labda mwezi na nusu."

Nikasema haidhuru, bodi kwanza. Zikaja Alhamisi kwenye basi, ndani ya boksi lililofungwa kwa karatasi ya gundi mpaka kwenye pembe. Nikafungua kwa bismillahi. Nikachukua bodi moja, nikaiweka ndani ya kasha. Haikukaa. Nikaigeuza. Haikukaa. Kitufe cha sauti kilikuwa kimehamia kushoto, tundu la chaji limehamia chini, na matundu ya skrubu yamesogeleana kama waliogombana na wengine.

Nikampigia Abdullatif, safari hii bila salamu.

"Hizi bodi za nani?"

"Zako, mama. Kiwanda kimebadilisha. Ile ya zamani hawaitengenezi tena."

"Hawakusema?"

"Wamewaambia wanaonunua milioni. Sisi wa mia mbili tunajua tukishafungua boksi."

Nikawategea wanawake wangu, maana nilihitaji kusema kitu kisichokuwa tusi: "Kimevuka bahari nzima, kimefika mlangoni, hakiingii."

"Mkwe aliyenenepa," akasema Samia.

Basi tulikuwa tumekaa vile, makasha mia mbili yamepangwa ukutani yakitutazama kwa macho yao matupu, wiki ya pili inakatika, Mardhiya akaingia kutoka sokoni na kikapu chake, hajakitua, akasema, "Naila ameshaunda hamsini. Ameziweka kando, anazijaribu."

"Hamsini?"

"Nimemsikia Yunus akisema kwenye duka la viungo."

Meli ni ile ile. China ni ile ile. Mimi nimekwama, yeye amepitia wapi? Nikampigia tena Abdullatif, nikamwambia kama amempa Naila betri zangu aseme, Mungu anamwona.

"Wallahi, Bi Zuhura, Naila hajaniagiza kitu tangu Mfungo Tatu. Mimi mwenyewe nilidhani ameacha kazi."

Maneno hayo yakanitia wazimu zaidi. Afadhali angekuwa ameniibia. Mwizi una la kumwambia. Nikaanza kumtafutia makosa yote ya dunia. Nikasema huenda Yunus ana ndugu bandarini. Nikasema huenda ananunua vitu vya magendo. Astaghfirullah, nikafika mpaka kusema huenda amekwenda kwa mganga, mimi niliyemfunda mwenyewe asikanyage huko.

Ijumaa, baada ya swala, akaja kunisalimia kama kawaida yake. Alivaa baibui jipya. Alileta mkate wa kumimina, umefunikwa kawa, unanukia iliki mpaka nje.

"Shikamoo somo."

"Marahaba. Naona kazi inakupenda."

"Tunajikongoja tu, somo. Nasikia mzigo wako umekwama."

"Nani kakwambia?"

Akatabasamu. "Bagamoyo imeniambia. Somo, njoo kwangu siku moja. Kuna kitu nataka nikuonyeshe."

"Nije kwako nikatafute nini? Tangu lini somo akamfuata mwali?"

"Basi nitakileta mimi hapa."

"Usilete kitu, Naila. Mkate unatosha."

Akaangalia makasha yangu ukutani. Aliyaangalia kwa muda, nami nikayaona kwa macho yake: mazuri, na mia mbili, na matupu. Akaaga. Mkate ule ulikuwa mtamu, na kila tonge lilinichoma.

Kesho yake nikaiosha sahani, nikaikausha, nikampa Samia aipeleke. Kwetu sahani ya mtu hairudi hivi hivi. Unatia ndimu mbili, unatia kipande cha muwa, unatia hata konzi ya mchele. Naila nilimfunda jambo hilo ndani ya siku saba za kwanza. Nami nikamrudishia sahani kavu.

Samia aliishika kama ameshika kitu kilichokufa. "Bibi, hata chumvi?"

"Peleka. Na ukifika, usiangalie miguu yako. Angalia anavyofanya kazi."

Alirudi adhuhuri. Nilikuwa nimemngojea mlangoni, aibu sikuwa nayo.

"Kasema nini?"

"Alitazama ndani ya sahani, akaigeuza, akatazama na chini. Halafu akasema, mwambie somo sahani imeng'aa."

"Hilo achana nalo. Umeona nini?"

"Bibi, kule hakuna boksi hata moja kutoka China." Akakaa chini, akavua ushungi kujipepea. "Nyuma ya nyumba kuna mlango, na mlangoni kuna watu. Wa Makurunge, wa Mlingotini, kuna mzee katoka mpaka Lugoba. Kila mtu kashika kitu kibovu. Redio iliyokufa, simu iliyopasuka, betri za kompyuta za kukunja. Naila anapokea, anauliza habari za nyumbani, na hakuna anayeondoka mikono mitupu. Huyu kapewa redio yake nyingine imetengenezwa, yule kapewa waya wa chaji, yule bibi wa Makurunge hakuwa na shida ya kitu, kapewa kashata. Halafu yeye na Yunus wanazifungua, wanachambua. Bodi za aina nne, kila aina na ndoo yake. Betri ziko rafuni, kila moja imeandikwa tarehe kwa kalamu ya wino mzito."

"Tarehe ya nini?"

"Sikuuliza. Nilidhani ya kuletwa."

"Na bodi za aina nne anazitia vipi kwenye kasha moja?"

"Ndani ana kibao chembamba kina matundu mengi kama chekeche. Bodi yoyote ikija, ina tundu lake. Kasha lenyewe baya, bibi. La plastiki, limeunganishwa kwa skrubu za kila rangi."

Nilichomfunda kuhusu sahani, yule binti alikuwa amekifanya kiwanda. Watu hawakuwa wanamuuzia vibovu vyao. Walikuwa wanampelekea kama unavyompelekea jirani chombo, ukijua hakirudi kitupu, na kwa sababu hiyo walimpelekea vile vyenye uhai ndani. Meli ingeweza kuzama, yeye angeunda redio. Na mimi mwenye jambo hilo kinywani miaka yote sikuwahi kuliona.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angejitanda kanga yake, akaenda Nianjema, akasema mwanangu nionyeshe. Ni mwendo wa dakika ishirini. Mimi nikasema, kama yeye kaweza, mwalimu wake atashindwa?

Nikatangaza Dunda nzima: mwenye redio mbovu, kompyuta mbovu, alete kwa Bi Zuhura, atalipwa taslimu. Watu wakaja, subhanallah! Mtu ukimwambia utanunua kibovu, anakuletea kile alichokuwa anatafuta pa kukitupa. Walileta feni. Walileta pasi. Mzee Bwanaheri wa mtaa wa nyuma alileta rimoti ya televisheni iliyokanyagwa na gari, akaketi akaomba na soda.

"Mzee, hii nifanyie nini?"

"Si umesema vibovu? Kibovu kuliko hicho utakipata wapi?"

Mwishowe akaja fundi simu mmoja wa Lugoba, Ridhiwani, na gunia la betri za kompyuta na mfuko wa bodi mchanganyiko. Tukazipasua betri, tukatoa zile za duara zilizomo ndani, tukazitia chaji. Nikazipima mwenyewe kwa mita. Zimejaa! Moja baada ya moja, zimejaa. Nilipiga kigelegele peke yangu. Tukachonga ndani ya makasha kwa patasi mpaka bodi zikaingia kwa nguvu, na Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya siku yenyewe, tulikuwa na redio arobaini juu ya meza, kila moja na ua lake mbele. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nilijua za Naila hazifiki nusu ya uzuri huo, na nilifurahi kwa furaha isiyokuwa nzuri.

Jumamosi tukakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mimi na Samia, tukaenda Mlingotini. Naila na Yunus walikuwa wameshafika. Akaja kunisalimia, akanisaidia kushusha maboksi yangu, nami nikamwachia abebe.

Bi Esha alikuwa ameondoa mwani kwenye chanja mbili ndefu zilizo chini ya paa la makuti, mahali pasipofika jua. Akapanga redio zangu arobaini kwenye chanja ya kulia, za Naila arobaini kwenye ya kushoto. Wanawake wa mwani walikuwa kama thelathini, wamekaa chini wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Walipoziona zangu wakasema "Mashallah!" kwa sauti moja. Za Naila waliziangalia kama mtu anavyoangalia bibi harusi asiyepambwa.

"Hizi za maua nazitaka hata zisiposema," akasema mmoja.

Nikamtupia Naila jicho. Alikuwa anacheka nao.

Saa mbili asubuhi zikawashwa zote themanini, stesheni moja. Ilikuwa ajabu. Sauti moja ya mtu, habari za bei ya korosho na mvua za masika, ikitoka vifua themanini. Watoto walikimbia kuja kutazama. Nilikaa kwenye kigoda nikajipepea na ncha ya kanga, nikiwa na raha kubwa.

Saa nne bado zote zinasema. Saa tano bado. Bi Esha akaleta muhogo na chai. Nikawategea wale wanawake kitendawili: "Anakula jua, anatapika maneno." Wakategua haraka, wakataka kingine. Naila akasema, "Somo wangu huyo, hamtammaliza." Alisema kwa kujivuna, kama mimi ni mali yake. Hata hilo likaniudhi.

Saa sita na kidogo, moja ikanyamaza.

Ilikuwa kwenye chanja ya kulia, karibu na mwisho. Nikadhani ni stesheni. Ikanyamaza ya pili, mbali na ile ya kwanza. Kisha tatu kwa pamoja. Wale wanawake wakaacha kufunga kamba. Samia akasimama akazitikisa, akazizima akaziwasha. Zilitoa mlio kama mtu anayesafisha koo, zikafa tena. Mpaka adhana ya adhuhuri ilipotoka, ilitoka kwenye chanja ya Naila nzima nzima, na kwenye yangu ilitoka kwenye redio kumi na moja. Tuliposwali na kurudi, zilikuwa tatu. Maua arobaini na sauti tatu.

Chanja ya kushoto haikupoteza hata moja mpaka alasiri ikaingia.

Hakuna aliyecheka, na ningependa wangecheka. Nilitaka ardhi ya Mlingotini ipasuke. Bi Esha alichukua moja ya redio zangu, akaigeuza mikononi, akaniangalia.

Ndipo Naila akainuka.

"Bi Esha, kosa ni langu," akasema. "Hizo betri nilimpa mimi somo. Mzigo wake ulichelewa, nikamgawia zangu, nadhani nilimchotea kutoka fungu la mbovu. Kazi yake haina dosari. Tazama alivyounganisha waya. Tupe siku kumi, tugawane oda nusu kwa nusu."

Alisema kwa utulivu, macho chini, kama ninavyowafunda wali wangu kusema mbele ya wakubwa. Wanawake wakaguna guno la huruma, lakini huruma ile haikuwa kwangu. Ilikuwa kwake. Walimwona binti mwema anayemsitiri somo wake, na Bi Esha uso wake ukaanza kulainika. Mlango ulikuwa wazi. Redio mia mbili zilikuwa zangu, Samia alikuwa ameshanishika kiwiko, nilichotakiwa ni kunyamaza tu.

Wenzangu, nitawaambia lililonipata. Ningependa kusema ni hofu ya Mungu, lakini sikuwa namwogopa Mungu wakati ule. Nilikuwa namwonea Naila wivu. Ameshinda kwa sauti, ameshinda kwa betri, ameshinda kwa watu, na sasa anataka anishinde hata kwa wema? Nikae ndani ya nusu yangu maisha yote, nikijua kaninyooshea mkono mbele ya wanawake thelathini? Hilo moja sikuweza kumwachia.

"Muongo!" nikasema.

Naila akageuka. "Somo..."

"Anadanganya, Bi Esha. Hakunipa hata skrubu. Nilimtuma huyu Samia akamchungulie. Nikamwiga. Betri nilinunua kwenye gunia, nikazipima siku ile ile nilipozitia chaji, nikaziona zimejaa nikajiona hodari. Aliniita kwake anionyeshe, nikamjibu maneno ya kiburi. Na sahani yake nikamrudishia tupu."

Hapo kwenye sahani ndipo waliposhtuka. Mama mmoja mzee akasema "Tupu?" kwa sauti ya chini, kama nimesema nimemkata mtu.

"Tupu," nikasema.

Bi Esha akakaa kwenye ukingo wa chanja. Akanitazama mimi, akamtazama Naila.

"Bi Zuhura, ulikuja kutuuzia redio au kutuungamia?" Na sasa wakacheka, wote, mpaka yule mama mzee, na kicheko hicho kilinipa pumzi. Alipomaliza kucheka, akamgeukia Naila na uso mwingine. "Na wewe. Umenidanganya mchana kweupe. Oda ni yako, mia nne zote, kwa sababu redio zako zinasema. Lakini ukinidanganya tena, hata kwa heshima ya somo, nitakurudishia zote."

"Sawa, mama," akasema Naila.

Mia nne zote. Nikazipakia redio zangu ndani ya maboksi mwenyewe, sikutaka mtu anisaidie. Samia alikuwa analia kimya kimya. Riziki yake nilikuwa nimeitupa kwa mdomo wangu.

Kirikuu kilikuwa kimoja tu cha kurudia, Yunus akapanda nyuma na Samia na maboksi, mimi na Naila tukabanana mbele na dereva. Tukafika karibu na Kaole.

"Umeniita muongo mbele za watu," akasema Naila.

"Ulikuwa unasema uongo."

"Nilikuwa nakusitiri."

"Nani alikuomba?"

Akavuta pumzi. Dereva akaongeza sauti ya muziki, akili yake nzuri. Nikauma ulimi, nikauachia, nikauma tena, kisha nikauliza kile nilichotakiwa kuuliza wiki mbili nyuma.

"Zile tarehe kwenye betri ni za nini?"

"Siku niliyoitia chaji. Betri mbovu nayo hujaa, somo. Hujaa ikakuchekea. Ila haiwezi kukaa. Naiweka rafuni siku kumi bila kuigusa, halafu napima tena. Iliyoshuka naitupa."

"Siku kumi."

"Siku kumi. Katika kila kumi natupa sita."

Nikatazama nje. Jambo dogo hivyo. Hata mimi ningelifikiria, nikasema moyoni, na moyo ukanijibu kwamba sikulifikiria.

"Mia nne ni nyingi," akasema. "Mimi na Yunus hatuwezi kuzimaliza kabla ya mwezi kuandama. Nataka Samia na Mardhiya na wale wenzao waje kwangu kuanzia Jumatatu."

"Usiwahurumie."

"Niwahurumie kwa nini? Bagamoyo nzima wanaojua kuchoma risasi ni hao wanne." Akasita. "Watano."

Tulipofika Dunda nikashuka, nikasema ahsante kwa dereva tu.

Jumatatu asubuhi niliwaona wanne wananipita barazani na kanga zao safi, wanakwenda Nianjema. Walinisalimia kwa aibu. Nilikaa mpaka saa tatu. Redio ya Mama Yusuf ilikuwa inasema, safi, kila neno. Nikanyanyuka, nikavaa baibui, nikaenda.

Naila aliniona mlangoni. Alisogeza kigoda, akaniwekea bodi, betri yenye tarehe yake, na kipande cha risasi. Meza yake ilikuwa chini kuliko yangu, magoti yalinigonga. Nilifanya kazi mpaka karibu na adhuhuri bila kuinua kichwa, na nilipomaliza redio ya kwanza nikaisukuma mbele yake.

Akaifungua. Akachukua miwani ya Yunus ya kusomea, akaisogelea karibu, mahali ambapo waya mwekundu unaingia kwenye bodi. Samia na Mardhiya waliacha kazi.

"Hii irudie, somo," akasema. "Risasi haijashika."

Nikavuta ile redio, nikatazama. Nilitamani sana awe amekosea. Nikaigeuza kwenye mwanga, nikaitikisa kwa kidole, na waya ukacheza kidogo, kidogo sana. Nikashika chuma cha moto, nikairudia.